Pikapu ya Papa: shajara ya giaboksi inayopiga teke

Jumamosi, 8 Juni 2024. Kilomita 287,410.

Kuanzia leo naandika kila tunachogusa kwenye gari hili. Mwaka jana tulishika hiki tukaacha kile, garaji hii ikafungua, nyingine ikafunga, na mwishoni hakuna aliyejua nani alifanya nini.

Gari ni la Papa, baba yangu: Toyota Hilux ya 1998, kabini mbili, petroli, usukani kulia. Ilitoka Japani, ikashushwa Dar es Salaam, ikapanda kwa barabara hadi huku Lubumbashi. Giaboksi ni otomatiki ya gia 4, jamii ya A340, ya kiwanda cha Aisin. Hapa mjini ukisema giaboksi watu wanakutazama. Sisi tunasema bwati. Nitaandika giaboksi ili hata msomaji wa Mwanza afuate.

Ugonjwa wenyewe: kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili inapiga teke. Kutoka ya pili kwenda ya tatu teke linakuwa kubwa, mpaka mifuko ya mahindi inasogea nyuma. Ukitoa N (huru) ukaingiza R (ya kurudi nyuma), kishindo kinasikika chini ya kiti kama mtu amegonga chesisi kwa nyundo. Ya nne inaingia salama. Jambo moja nimeliona leo nikikaa karibu na Papa hadi njia ya Kipushi na kurudi: gia zinabadilika kwa wakati wake. Hazichelewi, haziwahi. Zinaingia pale zinapopaswa kuingia, ila kwa nguvu mno. Nimelipigia mstari.

Garaji tatu za hapa mjini, kuanzia komini (mtaa mkubwa) ya Kenya hadi ya Katuba, zilitupa jibu moja: ng'oa otomatiki, weka ya mkono. Ni kazi wanayoifanya kila wiki na wanaifanya vizuri. Lakini Papa goti lake la kushoto lilipasuliwa, na pedali ya klachi hawezi kuikanyaga mara mia kwa siku. Ukimwekea giaboksi ya mkono umemnyang'anya gari. Kwa hiyo hatung'oi. Tunatafuta.

"Mama," aliniambia tuliporudi (mimi nimebeba jina la mama yake, ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto), "hii motokari iko nanipiga mu mugongo. Ukiweza kuitengeneza, tengeneza. Ukishindwa, tutauzisha."

Mimi ni mwalimu wa fizikia, si fundi. Ila nimempata Fundi mmoja mzee huku Kampemba aliyefanya kazi na otomatiki miaka mingi, na amekubali tufanye pamoja siku za Jumamosi, mimi na mdogo wangu tukiwa mikono yake.

Jumapili, 9 Juni.

Baada ya misa, kupima mafuta. Hapa watu wengi wanakosea, na mimi nilikuwa mmoja wao: mafuta ya giaboksi hayapimwi kama ya injini. Gari linasimama mahali tambarare, likiwa limetembea hadi giaboksi imepata moto, injini inaendelea kunguruma. Unapitisha rungu la gia polepole kutoka P (ya kuegesha) hadi L (ya gia ya chini), kisha unarudi P. Ndipo unachomoa kijiti, unakifuta, unakirudisha, unasoma alama ya moto. Ukipima injini imezimwa, kipimo kitakudanganya.

Kiasi kilikuwa sawa. Rangi ndiyo mbaya: kahawia iliyoiva, wakati mafuta mapya ni mekundu kama juisi ya ngai-ngai (rosela). Nilidondosha tone kwenye karatasi nyeupe, nikalinusa. Harufu ya kuungua kidogo, si ile ya mpira uliochomwa. Hakuna unga wa chuma unaometa.

Fundi alipoona ile karatasi alisema maneno ambayo sasa yameandikwa kwa chaki ukutani kwake: "Madamu, usifungule kitu bado. Kwanza tupime."

Jumamosi, 15 Juni. Kilomita 287,530.

Vidanji ya kwanza, yaani kumwaga mafuta na kutia mapya. Kitabu cha gari kinataka mafuta ya aina ya Dexron, nasi tulinunua Dexron III, makopo yaliyofungwa, si ile ya kupimiwa kwenye chupa za maji. Kwa kitu hiki sikutaka bei ya chini.

Tatizo la otomatiki ni kwamba ukifungua skrubu ya kumwagia, yanatoka mafuta ya karteri tu, lile bakuli la chini ya giaboksi, karibu lita 2. Mengine yamekaa ndani ya konveta, kile chombo cha mafuta kinachounga injini na giaboksi, na kwenye mapito, na jumla ni zaidi ya lita 7. Nilichora hesabu kwenye daftari la darasani: ukichukua lita 7 na nusu, kila ukimwaga 2 na kutia 2 mpya, ya zamani yanabaki asilimia 73 ya yaliyokuwepo. Mara ya pili yanabaki 54. Mara ya tatu 39. Mara ya nne 29. Kwa hiyo tutamwaga mara nne, katikati tukitembea kilomita chache ili yachanganyike. Ni makopo mengi, lakini Fundi anaogopa kusukuma mafuta yote kwa mashine kwenye giaboksi ya umri huu, nami nikamwelewa.

Tulishusha karteri. Ndani zimo sumaku ndogo, na juu ya kila sumaku kulikuwa na matope ya kijivu, laini kama poda ya uso. Nikaogopa. Fundi akayasugua kati ya vidole viwili, akanionyesha: hayakwaruzi. Hayo ni ya uzee wa kawaida. Kinachotisha ni vipande, nyuzi za chuma, au ngozi nyeusi za klachi, zile sahani za ndani zinazoshika gia. Havikuwemo. Tulibadilisha chujio na gasketi. Boliti za karteri ni ndogo na zinakazwa kwa nguvu ndogo, Nyuton-mita 7 hivi. Aliyekuja kabla yetu alizikaza kama za gurudumu, ukingo wa karteri umepinda. Mdogo wangu alitumia saa nzima kuunyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha reli.

Jioni: teke bado lipo.

Jumamosi, 22 Juni. Kilomita 287,702.

Vidanji ya pili ilifanyika Jumatano, ya tatu leo asubuhi. Mafuta sasa ni mekundu yaliyofifia. Gia ya kwanza kwenda ya pili imepungua ukali kidogo, nadhani. Nasema nadhani kwa sababu nilitamani sana iwe imepungua.

Leo ni siku ya umeme. Giaboksi hii ina vitu viwili vinavyoamua tabia yake, na kuvitenganisha ndiyo kazi yote. Kompyuta inaamua LINI gia ibadilike: inasoma mwendo wa gari na jinsi ulivyokanyaga, kisha inawasha au kuzima solenoidi mbili, yaani valvu ndogo za umeme. Ya kwanza peke yake, gia ya kwanza. Zote mbili, gia ya pili. Ya pili peke yake, gia ya tatu. Zote zimezimwa, gia ya nne. NGUVU ya kubana klachi haitoki huko. Inatoka kwenye presha ya mafuta, na presha inafuata kebo inayotoka kwenye kipepeo cha hewa cha injini, kile kinachofunguka ukikanyaga pedali ya mafuta, ikashuka hadi ndani ya giaboksi. Ukikanyaga sana, kebo inavutika, presha inapanda, klachi zinabana kwa nguvu ili zisiteleze chini ya mzigo.

Sasa rudi kwenye mstari wangu wa tarehe 8: wakati sahihi, nguvu mbaya. Nilikuwa nimeliandika jibu bila kulijua.

Lakini tulipima kwanza. Kwenye kiunganishi cha uchunguzi chini ya boneti tuliunga pini mbili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, swichi ikawashwa bila kuwasha injini, tukatazama taa ya O/D OFF mbele ya dereva. Ikiwa kuna kosa, inapepesa kwa mafungu, unahesabu: 42 na 61 ni za sensa za mwendo, 62 na 63 ni solenoidi za gia, 64 ni ya kufunga konveta. Yetu ilipepesa sawasawa bila kupumzika, mara mbili kwa sekunde. Maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Kisha multimeta kwenye solenoidi: omu 13.1 na 13.4. Kitabu kinaruhusu 11 hadi 15.

Kipimo cha mwisho ndicho nilichokipenda kuliko vyote, na hakigharimu hata faranga. Unachomoa plagi ya solenoidi ubavuni mwa giaboksi. Kompyuta haina tena mkono. Gari linabaki na gia unazochagua mwenyewe kwa rungu: L inakupa ya kwanza, 2 inakupa ya tatu, D inakupa ya nne. Papa aliendesha, mimi pembeni, Fundi kiti cha nyuma, njia ya Kasenga asubuhi na mapema kabla mabasi hayajajaa. L, kisha 2: teke. Lile lile. Kompyuta haikuwepo na teke lilikuwepo. Tulirudi bila kusema neno, kila mmoja akijua kwamba umeme umeondoka kwenye orodha.

Jumamosi, 29 Juni. Kilomita 287,790.

Baridi ya kiangazi, asubuhi mikono inakufa ganzi kwenye spana. Vidanji ya nne imeisha.

Kishindo cha R kilikuwa na msaidizi. Nilipolala chini na kumwomba mdogo wangu ashike shafti inayopeleka nguvu nyuma kwa mikono miwili na kuizungusha huku na huku, kiungo cha nyuma kilicheza hadi nikaona mwanga kati ya kikombe na msalaba wake. Mpira unaoshikilia giaboksi kwa nyuma, ule tunaouita silenbloki, ulikuwa umepasuka nusu. Vyote viwili vimebadilishwa. R sasa inagonga kidogo tu. Teke la gia za mbele liko pale pale. Sikutegemea tofauti, lakini ukiwa na sauti mbili zinazofanana lazima umalize moja ndipo usikie nyingine.

Pia tulipima muda wa gia kushika, kwa saa ya simu, breki ya mkono imevutwa: N kwenda D chini ya sekunde 1, N kwenda R zaidi kidogo. Kitabu kinataka D isizidi 1.2 na R isizidi 1.5. Klachi ziko hai. Papa aliposikia hilo aliinuka kwenye kiti chake chini ya mwembe akaja kuangalia kama kuna kitu cha kushika.

Jumamosi, 6 Julai. Kilomita 287,835.

Geji ya presha imepatikana, ya kuazima, kutoka kwa mtu anayetengeneza mashine za kuchimbia njia ya Likasi. Ubavuni mwa giaboksi kuna skrubu ndogo ya kuziba tundu la kupimia. Ilikaza kwa miaka yote hiyo, tukaimwagia mafuta ya taa usiku kucha ndipo ikakubali.

Mafuta yakiwa na moto, kati ya digrii 50 na 80, injini kwenye ralanti (inanguruma bila kukanyagwa), magurudumu yamezuiwa kwa mawe, mguu juu ya breki, D. Kitabu cha fundi kinataka kilo 3.7 hadi 4.3 kwa sentimita mraba. Sindano ilipanda, ikapita 4, ikapita 5, ikasimama 5.8.

Nilipiga kelele. Fundi hakusema kitu, akacheka tu kwa mabega.

Presha ikiwa juu namna hiyo kwenye ralanti, kitabu kinataja washukiwa watatu: kebo imevutwa, valvu ya kipepeo ndani ni mbovu, au valvu ya kudhibiti presha ni mbovu. Viwili vya mwisho viko ndani. Cha kwanza kiko juu ya injini, unakifikia ukiwa umesimama wima na spana mbili.

Kabla ya kuipima kebo lazima uhakikishe kwamba pedali ya mafuta ikifika sakafuni, kipepeo kinafunguka chote. Mdogo wangu alikanyaga, mimi nikatazama: hakikufika mwisho. Tukatafuta sababu kwenye waya wa mafuta, kwenye springi, kwenye kipepeo. Ilikuwa ni zulia. Papa ameweka zulia nene la sebuleni chini ya pedali ili miguu isipate baridi. Tuliliondoa. Kipepeo kikafunguka chote.

Sasa kebo. Kwenye waya wake kuna punje ndogo ya chuma iliyobanwa. Pedali ikiwa chini kabisa, umbali kati ya ile punje na ukingo wa mpira wa kasha la kebo unatakiwa uwe 0 hadi 1 milimita. Nilipima kwa rula ya darasani, nikapima tena, nikampa Fundi apime kwa macho yake: milimita 6. Nati mbili za kufungia zilikuwa na alama mpya za spana, chuma cheupe kwenye kona, wakati kila kitu kingine kimefunikwa na vumbi jekundu la miaka. Kuna mtu aliivuta. Papa alikumbuka: mwaka jana garaji moja ilisafisha kipepeo cha hewa, na tangu hapo ndipo gari lilianza ukali. Sitaki kuwasema. Walifungua kitu kilichokuwa njiani, wakakirudisha kwa kukadiria. Lakini ni mwaka mzima Papa anapigwa mgongo kwa milimita 5.

Tulirudisha hadi nusu milimita. Geji: 4.1.

Ya kwanza kwenda ya pili, laini. Ya pili kwenda ya tatu, imebaki teke dogo. Giza liliingia, umeme nao ulikuwa umekatika, tukafunga.

Jumapili, 7 Julai.

Nimefanya kosa na ninaliandika lote, kwa sababu najua mtu mwingine atashawishika kulifanya.

Asubuhi nilikuwa peke yangu. Lile teke dogo la gia ya tatu lilinikera. Nikajiambia: ikiwa kulegeza kebo kumeondoa kishindo kikubwa, kulegeza zaidi kutaondoa kidogo. Nikalegeza nati zamu mbili na nusu. Nikaingia barabarani, na gari likawa zuri ajabu. Gia zinateleza, husikii kitu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Papa tumemaliza.

Mchana tukapakia mifuko 10 ya mahindi, ya kilo 50 kila mmoja, kumpelekea shangazi. Kwenye mwinuko baada ya reli, ya pili kwenda ya tatu, injini ililia kwanza. Ikapanda sauti, kama mtu amekanyaga klachi, kisha gia ikashika polepole. Papa aliinua mguu mara moja, akasimama pembeni. Nikampigia Fundi simu, nikamweleza. Kimya. Kisha: "Umeshusha presha?"

Nikasema ndiyo.

"Rudisha hapo hapo ulipo. Usitembee hata mita moja."

Jioni alinieleza, akiwa ameshika sahani ya zamani ya klachi aliyoitoa kwenye sanduku lake. Upande mmoja ulikuwa na ngozi yake ya kahawia, upande mwingine mweusi, umeungua hadi chuma. Klachi ndani ya giaboksi ni sahani kama hizo zilizopangwa, zinabanwa na mafuta. Presha ikiwa juu mno zinabana ghafla, unasikia teke, lakini zinashika. Presha ikiwa chini mno zinabana kwa kuteleza. Dereva anafurahi, na huko ndani sahani zinasuguana moto. Bila mzigo hutajua. Ukipakia, zinaungua, na zikiungua hapo ndipo unashusha giaboksi yote. "Ulaini si kitu cha kutafuta, madamu. Tafuta namba ya kitabu." Wanunuzi wengi, aliniambia, wameletewa gari la otomatiki lililolegezwa kebo ili liwe laini siku ya kuuzwa.

Nilichomoa kijiti nikanusa. Harufu haijabadilika. Tumewahi. Kebo imerudi nusu milimita, na nimetia alama ya rangi nyeupe kwenye nati zote mbili.

Jumamosi, 13 Julai. Kilomita 287,990.

Wiki nzima ya kutembea na presha sahihi. 4.1 moto, haiyumbi. R inapanda juu ya D, kama inavyotakiwa. Teke la pili kwenda tatu bado lipo, dogo, lakini ni kila mara.

Sasa kwa kuwa presha kuu ni nzuri na umeme ni mzuri, mahali panapobaki ni pa gia ya tatu peke yake. Gia ya tatu inapoingia, klachi moja inaongezwa, ile ambayo kitabu kinaiita C2. Na kila klachi ya namna hiyo ina mto wake: tundu lenye pistoni ndogo juu ya springi. Mafuta yanapokwenda kubana klachi, sehemu yake inakwenda kusukuma pistoni hiyo kwanza, kwa hiyo mbano unapanda taratibu. Wanaiita akumuleta. Mto ukitoboka, mbano unakuja wote kwa mara moja.

Fundi sasa ndiye aliyesema tufungue. Nimengoja neno hilo wiki tano.

Jumamosi, 20 Julai.

Tulianza saa mbili asubuhi. Tulimwaga maji kwenye kiwanja chote kabla ya kuanza ili vumbi lisipande, tukatandika turubai. Hakuna kitambaa cha pamba karibu na kazi, nyuzi zake zinaziba mapito. Karatasi na mafuta ya taa safi tu.

Karteri ikashuka, chujio likatoka. Juu yake kuna mirija myembamba ya chuma iliyochomekwa kwenye bodi ya valvu, kile kipande chenye njia na valvu za kuelekeza mafuta, kwa kubana tu, bila skrubu. Inatolewa kwa bisibisi pana, unanyanyua upande huu kidogo, upande ule kidogo. Ukilazimisha, inapinda, na mrija uliopinda hauzibi tena. Fundi alikataa tusimsaidie hapo. Alifanya peke yake, akipumua kwa mdomo.

Boliti za bodi hazina urefu mmoja. Nilichora umbo la bodi kwenye katoni la maziwa, nikatoboa tundu kila mahali penye boliti, na kila iliyotoka ilichomekwa kwenye tundu lake. Kebo ikatolewa kwenye kamu yake. Kisha mdogo wangu alishika bodi kwa viganja viwili huku Fundi akilegeza boliti ya mwisho, nami nikiwa chini na beseni, kwa sababu kuna valvu ndogo yenye springi inayodondoka peke yake bodi ikishuka. Ilidondoka. Ikagonga ukingo wa beseni, ikaruka, ikaingia ndani. Hatukusema kitu kwa muda.

Pistoni za akumuleta ziko nne, zimekaa ndani ya mwili wa giaboksi. Zinatolewa kwa upepo: unapuliza kwenye tundu la mafuta na pistoni inatoka. Tukamwita kwado (mziba matairi) wa pale barabarani, akasogeza kompresa yake na mpira mrefu. Unaweka kitambaa kisichoacha nyuzi mbele, upepo kidogo kidogo, la sivyo inaruka kama risasi. Tatu zilitoka kwa kubisha, zikifanya sauti ya kizibo. Ya C2 ilitoka bila upinzani. Iliteleza tu ikaanguka kiganjani mwangu.

Ni kipande cha alumini kirefu kama kidole gumba, chenye mifereji miwili ya ringi za mpira. Ringi ya juu ilikuwa imebapa. Ya chini niliigusa kwa ukucha na ikakatika kama ukoko wa bukari (ugali) uliokauka kwenye sufuria. Mpira ulikuwa umegeuka plastiki. Mafuta yalikuwa yanapita pembeni mwa pistoni, mto haujazi. Niligeuza pistoni kwenye jua nikitafuta mkwaruzo: hakuna. Tundu lake, Fundi alilipapasa kwa kidole: laini. Springi ililingana na urefu wa kitabu.

Ringi mbili za mpira. Niliziweka kwenye karatasi nikamwonyesha Papa. Alizitazama muda mrefu, akaulizia bei yake.

Hapa mjini hazikupatikana za kipimo hicho zinazovumilia mafuta ya moto. Dereva wa lori anayevuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa atauliza Kitwe. Tumefunika giaboksi kwa plastiki na mpira wa baiskeli, tumeacha gari juu ya magogo.

Jumamosi, 27 Julai.

Ringi zimefika Alhamisi, seti kamili ya pistoni zote nne. Tumebadilisha zote, maana zina umri mmoja. Zililowekwa kwenye mafuta mapya, zikavalishwa kwa vidole, bila bisibisi.

Kufunga kulikuwa kwepesi kwa sababu ya lile katoni. Boliti za bodi kwa Nyuton-mita 10, kidogo kidogo kutoka katikati kwenda nje. Mirija ikagongwa kwa mpini wa plastiki hadi ikakaa. Karteri 7, gasketi kavu bila gundi. Skrubu ya kumwagia 20. Yaliingia lita 3 na nusu, tukawasha, tukapitisha gia zote, tukaongeza hadi alama.

Geji: D 4.0.

Hatukutoka barabarani siku hiyo. Fundi alitaka likae usiku, aone kama kuna tone chini.

Jumapili, 28 Julai. Kilomita 287,994.

Turubai kavu. Tumezunguka kiwanja, kisha njia hadi Ruashi na kurudi. Moja, mbili, tatu, nne. Fundi alifunga macho kwenye kiti cha nyuma ili asikie tu. Ya tatu ilipoingia aliuliza kama imeingia.

Mchana tulipakia ile mifuko 10 na kurudi kwenye mwinuko wa reli. Nilikuwa na hofu kuliko siku zote. Injini haikulia. Sindano ya mizunguko ilishuka mara moja, gia ikashika, mifuko haikusogea.

Alhamisi, 1 Agosti. Kilomita 288,061.

Siku ya Wazazi. Tulikwenda makaburini asubuhi kusafisha kaburi la babu na la nyanya, yule niliyebeba jina lake. Papa aliendesha mwenyewe kwenda na kurudi, watu watano ndani, majembe na ndoo nyuma. Kwenye foleni ya kuingia, simama, tembea, simama, tembea kwa karibu saa nzima. Alikuwa akizungumza na shangazi habari za mvua za mwaka jana, na hakushika mgongo.

Jioni nilipima mafuta yakiwa na moto: alama sahihi, mekundu. Alama nyeupe kwenye nati za kebo ziko mahali pake. Zulia la sebuleni limerudi sebuleni. Vidanji nyingine moja ikifika 290,000, kuondoa yale ya zamani yaliyobaki kwenye konveta. Geji nimeirudisha kwa mwenyewe njia ya Likasi.